Siagi ya bangi haina moshi, lakini ina makali yake

Ukitaja bangi mbele ya wakazi wengi wa mjini, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye msokoto, moshi na vijana waliojibanza nyuma ya ukuta. Ni nadra mtu kufikiria keki, biskuti zilizopangwa kwenye mkebe au kopo la siagi lililowekwa kwenye friji kando ya maziwa ya watoto. Na hapo, msomaji, ndipo shida tunayoizungumzia leo inapoanzia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu Jumamosi usiku katika hospitali moja jijini Nairobi. Yapata saa tatu aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 3. Mama yake alikuwa amembeba begani, mikono na miguu imelegea kama nguo iliyorowa. Alikuwa akipumua, lakini polepole. Nilipombinya ukucha alikunja uso kidogo, kisha akarudi usingizini. Hakuwa na homa. Hakuwa ameanguka. Sukari yake ya damu ilikuwa sawa na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Niliwauliza wazazi mara mbili kama kulikuwa na chochote nyumbani ambacho mtoto huenda alikila au kukinywa: vidonge vya nyanya, dawa ya panya, mafuta ya taa. Mama akasema hakuna. Baba alikuwa akiangalia sakafu.

Daktari anapoletewa mtoto aliyezimia bila sababu inayoonekana, hana ruhusa ya kubahatisha. Hofu yetu kubwa huwa ni homa ya uti wa mgongo, kwa maana ukichelewa kuitibu mtoto atakufa au atabaki kiziwi. Nilikuwa nimeshavaa glavu. Muuguzi alikuwa amemlaza mtoto kwa ubavu na kumkunja, tayari kuchomwa sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Ndipo msichana wa miaka 14, binti wa shangazi yake, aliposema kutoka mlangoni, "Daktari, alikula keki ya mjomba."

Keki ya mjomba ilikuwa imepikwa kwa siagi iliyochemshwa na bangi. Mtoto alikula vipande viwili saa kumi na moja jioni, watu wazima wakiwa sebuleni wakitazama mpira.

Niliweka sindano chini. Nikamwambia muuguzi tumtundikie dripu, tumpime oksijeni usiku kucha, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Kisha nikaketi na baba. Hakuwa mhuni. Alikuwa mtu wa kazi yake, aliyekuwa amevuta bangi tangu siku za chuo na sasa kifua kilikuwa kikimsumbua. Mke wake naye alikuwa amechoka na harufu. "Niliona heri nile kuliko kuvuta, daktari," akaniambia. "Si moshi ndio unaoharibu mapafu?"

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Moshi wa bangi huwasha koo na mapafu, na mvutaji wa miaka mingi hukohoa na kutema makohozi kama mvuta sigara. Lakini aliyeacha kuvuta akaanza kula hajapunguza makali. Amebadilisha njia tu, na njia hii mpya haina vizuizi vingi vilivyokuwa kwenye ile ya zamani.

Kwa nini siagi?

Jani la bangi likiwa bichi halileweshi sana. Kemikali inayolevya, tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa kifupi huitwa THC, imo ndani ya jani hilo katika umbo la asidi, na umbo hilo halimlewesha mtu. Ni moto unaoibadilisha. Mvutaji huibadilisha kwa kiberiti, mpishi huibadilisha jikoni.

Jambo la pili ni kwamba THC haipatani na maji. Ukichemsha majani kwa maji matupu kama chai, sehemu kubwa ya kemikali hiyo itabaki kwenye majani. Lakini mafuta huyapenda sana, yawe ni siagi, samli, mafuta ya nazi au malai ya maziwa. Huingia humo na kukaa.

Haya si mageni. Neno lenyewe bangi limetufikia kutoka Bara Hindi, na huko watu wameila na kuinywa pamoja na maziwa na samli kwa karne nyingi, hasa wakati wa sikukuu ya Holi. Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy, aliyekuwa akifundisha udaktari mjini Calcutta, aliandika juu ya kitamutamu kilichoitwa majun, kilichotengenezwa kwa bangi, samli, sukari na maziwa. THC yenyewe ilikuja kutengwa na kutambuliwa umbo lake mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli. Na pale Marekani ilipoidhinisha vidonge vya THC mwaka 1985, kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kutokana na dawa zao, dawa hiyo ilikuwa imeyeyushwa ndani ya mafuta ya simsim. Wanakemia na wapishi wa Bara Hindi walifikia jibu moja.

Nakueleza haya kwa sababu katika nyumba zetu kuna imani ya zamani kwamba maziwa na mafuta hukata sumu. Mtu akila kitu kibaya, jirani anakimbia na bilauri ya maziwa. Kwa bangi iliyoliwa, imani hiyo ni kinyume kabisa cha ukweli. Chakula chenye mafuta huongeza kiasi cha THC kinachotoka tumboni na kuingia kwenye damu.

Kimya kinachodanganya

Anayevuta bangi husikia makali yake ndani ya dakika chache, kwa sababu moshi hutoka mapafuni ukaingia kwenye damu na kufika ubongoni mara moja. Akiona yamezidi, anazima msokoto. Baada ya saa mbili au tatu mengi yamepita.

Anayekula hana breki hiyo. Siagi ile lazima ipite tumboni, iingie kwenye utumbo, kisha ipelekwe kwenye ini. Hapo kwenye ini hutokea jambo ambalo wapishi wengi hawalijui: THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine, nayo huingia ubongoni kwa urahisi na kulevya sawasawa na THC yenyewe au hata kuishinda. Safari hii yote huchukua kati ya dakika 30 na saa mbili, na tumbo likiwa limejaa ugali na nyama huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kilele huja saa kadhaa tangu mtu ale. Kisha ulevi huo huendelea kwa saa 6, 8, hata 12, na mabaki ya usingizi na uzito wa kichwa yanaweza kuonekana hata siku ya pili.

Sasa fikiria mtu aliyekula kipande kimoja cha keki. Anangoja nusu saa, hasikii kitu. Anangoja dakika 15 nyingine. Anasema, "Huyu aliyepika ametudanganya," na anakula kipande cha pili, pengine na cha tatu. Hajui kwamba kile cha kwanza bado kiko njiani.

Kisa kinachofundishwa zaidi kuhusu jambo hili kilitokea jijini Denver, jimbo la Colorado, Marekani, mwezi Machi 2014, miezi michache tu baada ya jimbo hilo kuruhusu maduka kuuza bangi. Kijana wa miaka 19 alikula biskuti iliyonunuliwa dukani. Ilikuwa na miligramu 65 za THC na ilikusudiwa kugawanywa mara sita. Muuzaji alisema sehemu moja itatosha, na kijana akala sehemu moja. Baada ya kati ya dakika 30 na 60 hakuwa amesikia lolote, akala yote iliyobaki. Katika saa mbili zilizofuata alianza kuropoka na kuwa mkali. Alikufa baada ya kuruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Uchunguzi wa mwili wake haukuonyesha kileo kingine. Ripoti ya kisa hicho ilichapishwa na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa mwaka 2015, na tangu wakati huo Colorado imekaza sheria zake: kila sehemu isizidi miligramu 10, nayo itiwe alama inayoonekana kwenye chakula chenyewe. Canada, iliporuhusu vyakula vya aina hii mwaka 2019, ilikuwa kali zaidi. Huko pakiti nzima haipaswi kuzidi miligramu 10.

Biskuti ile ilitoka kwenye kiwanda, msomaji, ikiwa imepimwa na imeandikwa. Je, ile inayopikwa kwenye sufuria jikoni Umoja au Kileleshwa?

Aliyeipika mwenyewe hajui ina nini. Bangi ya mzigo mmoja haifanani na ya mzigo mwingine kwa ukali, hata kama muuzaji ni yule yule. Siagi haichanganyiki sawasawa kwenye unga, kwa hiyo kona moja ya keki inaweza kuwa hafifu na kona ya pili ikamwangusha mtu mzima. Hakuna kijiko cha jikoni kinachopima miligramu. Nimewasikia vijana wakijisifu kwamba wanajua "kipimo chao". Wanachokijua ni kipimo cha keki ya wiki iliyopita.

Sheria nitaipitia haraka tu. Bangi imepigwa marufuku nchini chini ya Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994, na kuitia kwenye keki hakuiondolei marufuku hiyo. Hata hivyo utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 53 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi. Maana yake ni kwamba wasomaji wangu wengi wana ndugu, mpangaji au mfanyakazi mwenza anayeitumia. Kwa hiyo nazungumza nanyi kama daktari.

Akila mtu mzima

Mtu mzima aliyezidisha huwa na macho mekundu, mdomo mkavu na moyo unaopiga mbio. Anaweza kutapika. Wengi hushikwa na hofu kuu na kuamini kwamba wanakufa, au kwamba wenzao wamewawekea sumu. Wapo wanaosikia sauti na kuona vitu visivyokuwapo. Wakati kwao unasimama, dakika tano zinakuwa kama usiku mzima.

Mara nyingi dawa kubwa ni utulivu. Mweke kwenye chumba kisicho na kelele, kaa naye, mpe maji kidogo kidogo kama hatapiki, mwambie kwamba hali hii itapita na umwambie tena baada ya dakika tano. Asinywe pombe wala vidonge vya usingizi juu yake. Kwa kuwa wengi wetu siku hizi tunaishi ghorofa ya nne na ya tano, usimwache peke yake karibu na dirisha au roshani. Asiendeshe gari wala pikipiki, na nina maana hata kesho yake asubuhi ikiwa bado anahisi uzito. Lakini akilalamika maumivu ya kifua, akipatwa na kifafa, akiwa haamki unapomtikisa, au akianza kusema maneno ya kujidhuru, usingoje. Mpeleke hospitalini.

Kuna watu ambao kwao mchezo huu ni hatari mara mbili. Mwenye ugonjwa wa moyo ni mmoja wao, kwa sababu mapigo yanayokwenda mbio huudai moyo oksijeni ambayo mishipa iliyoziba haiwezi kuifikisha. Mwenye historia ya maradhi ya akili katika ukoo ni mwingine. Mja mzito na anayenyonyesha wasiiguse, kwani THC hupita kwenye kondo la nyuma na hupatikana pia kwenye maziwa ya mama. Anayemeza warfarini ya kuzuia damu isigande ajue kwamba bangi inaweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo hadi akavuja damu.

Na kuna tabia ambayo siwezi kuizungumzia kwa upole. Nayo ni kumlisha mtu bila kumwambia, ati ni mzaha wa karamu. Nimewahi kumpokea bibi wa miaka zaidi ya 60, mgonjwa wa shinikizo la damu, aliyeletwa kutoka sherehe ya familia akidhaniwa amepatwa na kiharusi. Hakuweza kusimama, maneno yalikuwa yakimpotea na moyo ulikuwa ukikimbia. Tulimfanyia picha ya kichwa, na wanawe walilipa maelfu ya shilingi, kabla mjukuu mmoja hajakiri kwa kilio kwamba biskuti za vijana zilichanganywa na za wageni. Huyo bibi hadi leo hali kitu chochote asichokipika mwenyewe.

Akila mtoto

Mtoto hajui bangi, anajua keki. Hatakula kipande kimoja akangoja, atakula mpaka akatazwe. Mwili wake ni mdogo, na kiasi kinachomchekesha baba yake humlaza yeye kama mfu. Huko Marekani, vituo vya kushughulikia sumu vilipokea taarifa 207 za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula vyakula vyenye bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 taarifa hizo zilikuwa 3,054. Karibu wote walivikuta nyumbani. Sisi hatuna hesabu za namna hiyo, na mimi mwenyewe niliposomea udaktari, bangi ilichukua ukurasa mmoja wa vitabu vyetu, nao ulihusu wavutaji.

Dalili kubwa kwa mtoto ni usingizi usio wa kawaida. Hutembea kama mlevi, analegea, pengine anatapika. Baadaye anaweza kuzimia, kupumua polepole kupita kiasi, au kupatwa na kifafa. Vifo ni nadra sana, na mtoto anayefikishwa mapema kwenye oksijeni na uangalizi kwa kawaida hupona kabisa. Hakuna dawa ya kuiondoa THC mwilini. Tunachofanya hospitalini ni kulinda pumzi yake, sukari yake na joto lake hadi ini lake limalize kazi.

Ukigundua amekula, usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, kwa sababu mtoto mwenye usingizi anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Usimpe maziwa, nimeshaeleza kwa nini. Mlaze kwa ubavu na uondoke naye saa hiyo hiyo kwenda hospitalini, hata kama anaonekana ana usingizi tu. Kumbuka ile safari ya tumboni: kama amekula nusu saa iliyopita, hali unayoiona sasa siyo mbaya zaidi atakayoifikia. Beba kilichobaki cha keki au kopo lenyewe.

Na useme ukweli. Hili ndilo nililoliandikia makala haya. Mzazi anaogopa polisi, anaogopa mama mkwe, anaogopa jicho la muuguzi. Kwa sababu ya hofu hiyo mtoto huchomwa sindano ya mgongo asiyoihitaji, hupewa dawa kali za malaria na homa ya uti wa mgongo, na kichwa chake hupigwa picha kwa mashine ya miali, huku daktari akipoteza saa akitafuta ugonjwa usiokuwapo. Ninachotaka kujua ni vitu vitatu: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Mengine yote unaweza kuniambia kesho, au usiniambie.

Wapo wanaoniuliza kuhusu wagonjwa. Mama ana saratani, halali kwa maumivu, na kijana wake amesikia kwamba biskuti hizi husaidia. Siwacheki watu hawa. Nimeshaeleza kwamba THC iliyopimwa ni dawa inayotambuliwa kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani. Lakini kwa maumivu makali tunayo morfini ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo tunajua kipimo chake hadi tone la mwisho. Vituo vya kuwatunza wagonjwa wa aina hii vipo, kama Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990. Nenda huko kabla hujaenda jikoni. Na kama mgonjwa wako tayari anakula biskuti hizo, mwambie daktari wake, kwa kuwa usingizi wa bangi na usingizi wa morfini hujumlishana.

Yule mtoto alifungua macho saa tano asubuhi ya Jumapili, karibu saa 18 tangu ale keki. Aliomba chai na mandazi, akakasirika kuambiwa angoje. Mama yake alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua nguo. Aliporudi alikuwa na kopo la majarini kwenye mfuko, akaniwekea mezani bila kusema neno. Nilifungua. Lilikuwa nusu, siagi yenye rangi ya kijani kwa mbali, na nje hakukuwa na alama yoyote.

"Lilikuwa rafu ya chini," akasema. "Alhamisi nilikaribia kumpakia mkate wa shule."